Paja linauma, lakini si jipu: historia ya ugonjwa uliojificha nyuma ya sukari

Kuna magonjwa ambayo yalionekana juu watu walianza kuishi zaidi. Hili ni moja.

Mbele ya 1922, mtoto mwenye ugonjwa wa sukari alikuwa anakufa kisha miezi ao miaka kidogo tu. Tarehe 11 Januari 1922, kule Toronto, Leonard Thompson, kijana wa miaka 14, alipigwa sindano ya insulini. Tangu pale wagonjwa wakaanza kuzeeka na sukari yao. Lakini sukari ikibaki juu miaka mingi, inaharibu mishipa midogo ya damu: macho yanaguswa, figo zinaguswa, na mara chache sana, misuli pia.

Hiyo ya misuli ilichelewa kujulikana. Ni mwaka 1965 njo Lennart Angervall na Bertil Stener, wa Göteborg kule Uswidi, waliandika juu ya wagonjwa wawili wa sukari wenye uvimbe uliofanana na kansa. Kumbe ni msuli wenyewe ulikuwa umeharibika. Leo tunajua kwamba sehemu ya msuli inakufa kwa kukosa damu.

Inaanza namna gani? Paja linauma ghafla, linavimba, linakuwa gumu. Munganga anawaza damu iliyoganda kwenye mshipa, ao jipu. Hapa kwetu kukosea ni rahisi zaidi, juu majipu ya ndani ya msuli yanajulikana sana katika nchi za joto, na jipu linapasuliwa.

Zamani walikuwa wanakata kipande cha msuli ili kuhakikisha. Miaka ya 1980 mashine ya IRM ikaingia hospitalini, ikaonyesha msuli uliovimba bila kisu. Pasipo IRM, ekografi inasaidia kutafuta usaha na damu iliyoganda.

Matibabu hayana maajabu: kupumzika, dawa ya maumivu isiyoumiza figo, kushusha sukari, na mara nyingi aspirini kidogo munganga akiona inafaa. Wengi wanapona kisha majuma kadhaa. Ripoti zilipokusanywa, zilionyesha kwamba waliopasuliwa walikawia zaidi kupona. Tena ugonjwa unaweza kurudi, hata kwenye paja lingine.

Kwa hiyo wewe unayesomea uganga, mbele ya kushika kisu juu ya paja lililovimba, uliza kwanza: huyu ana sukari tangu miaka ngapi, na figo zake ziko namna gani?