Kisu cha Springi na Historia Iliyokatwa Nusu

Kila mwaka huwauliza wanafunzi wangu wapya swali moja: uhunzi wa Tanzania uliuawa na nani? Darasa zima hujibu kwa sauti moja kwamba ni ukoloni. Ndivyo walivyofundishwa sekondari, na ndivyo nilivyojibu mimi katika mtihani wangu nikapewa alama zote. Leo nisingejipa zaidi ya nusu.

Ndugu msomaji, wazee wetu walikuwa na kazi mbili ambazo vitabu vya shule huzichanganya. Ya kwanza ni kuyeyusha: kuupata mchanga au mawe yenye chuma, kujenga tanuri, kuchoma mkaa na kuvukuta mpaka bonge la chuma lipatikane. Ya pili ni kufua: kukitia chuma hicho motoni na kukipiga nyundo mpaka kiwe jembe, mkuki au kisu.

Kuyeyusha kulikuwa elimu kubwa, na wakati mwingine kulikwenda na mamlaka. Huko Ugweno, Upare ya Kaskazini, masimulizi yaliyokusanywa na Profesa Isaria Kimambo yanasema ukoo wa wahunzi, Washana, ndio uliotawala kabla ya kupinduliwa na Wasuya. Hata baada ya kupoteza utawala, Washana hawakuacha nyundo, na chuma cha Upare kiliendelea kuuzwa kwa Wachaga. Kagera nako, Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha mwaka 1978, katika jarida la Science, matokeo ya kazi yao na wazee wa Kihaya waliojenga upya tanuri kwa kumbukumbu tu, miongo mingi baada ya kazi hiyo kuachwa. Wataalamu wanabishana hadi leo kuhusu namna hewa ilivyopashwa moto ndani ya tanuri lile. Kwamba chuma kigumu kilitoka humo, hilo halina ubishi.

Kazi hiyo ndiyo iliyokufa. Reli ya Tanga, iliyopita chini ya milima ya Upare na kufika Moshi kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ilishusha majembe ya Ulaya yaliyotengenezwa kwa mashine. Nani angekata miti kwa siku kadhaa achome mkaa, avukute mchana kutwa, apate chuma cha majembe machache, ilhali dukani lipo lililokwisha kuwa jembe?

Kufua hakukufa. Reli ileile, na baadaye malori, vilileta chuma kingine: kilichovunjika. Mhunzi aliacha kuchota mchanga mtoni akaanza kuokota springi za magari na tupa zilizoisha meno. Vitabu vyetu havimtaji mtu huyu. Anafia katika sura ya ukoloni, kisha anafufuka bila maelezo katika hotuba za siasa akiitwa mjasiriamali mdogo.

Mwaka jana niliketi nusu siku na mmoja wao chini ya mwembe. Fuawe yake ilikuwa kipande cha reli, tanuri lake rimu ya lori iliyokandikwa udongo, na hewa ilitoka kwenye feni iliyozungushwa kwa gurudumu la baiskeli. Nilimwonyesha kipande cha nondo nilichokiona pembeni, nikamwuliza kama hakifai.

"Hicho, mwalimu, utakinoa asubuhi na jioni," alisema.

Alikuwa sahihi, ingawa hakuhitaji kulijua neno kaboni. Nondo ina kaboni kidogo mno, haikazi. Springi inayo ya kutosha. Aliipasha mpaka sumaku ikakataa kuinasa, akaichovya kwenye oili chafu ya injini, kwa kuwa maji huweza kuipasua. Kisha, hatua ambayo mwanagenzi mwenye haraka huiruka, aliing'arisha kidogo na kuipasha tena taratibu mpaka makali yakawa na rangi ya majani makavu. Bila hatua hiyo, kisu kikianguka sakafuni huweza kukatika kama kigae. Mpini ulikuwa wa mninga, ukibanwa kwa misumari iliyokatwa na kugongwa pande zote mbili.

Huyu ni mrithi wa wale wazee wa tanuri, na elimu ya kuisoma tabia ya chuma ndani ya moto imo mikononi mwake. Tofauti ni kwamba wao waliupata mgodi wao mtoni bure, naye mgodi wake ni chuma chakavu, bidhaa inayogombewa. Viwanda vya nondo hukinunua kwa tani, na springi nzuri huyeyushwa pamoja na mabati yenye kutu. Tunapopanga sera ya chuma chakavu tunahesabu tani na kodi. Sijasikia bado mkutano alikoitwa mhunzi aeleze ni kipande gani kisitupwe tanurini.

Nilimwuliza springi ile aliitoa wapi. Alisema alimwahi mnunuzi wa mizani kwa dakika chache tu, na kwamba wiki iliyotangulia hakupata hata moja.