Herufi Tatu za Bangkok

Nilifundisha historia kwa zaidi ya miaka 30, na kosa nililowakaripia sana wanafunzi wangu ni la kumwamini shahidi bila kumwuliza tarehe yake. Ndugu msomaji, kosa hilo hilo nililifanya mimi mwenyewe mjini Bangkok, Novemba 2013, na aliyeumia alikuwa mtu mwingine.

Tulikuwa wazee watatu tuliosoma pamoja chuo cha ualimu. Binti wa mwenzetu mmoja, mwalimu wa hesabu, alikuwa akitunukiwa shahada huko Hong Kong, naye akatuomba tumsindikize. Tulipitia Singapore, kisha kwa ndege ya bei nafuu tukashuka Don Mueang, uwanja wa zamani wa Bangkok. Hapo walitukagua kadi za chanjo ya homa ya manjano, tukapita salama.

Uwanja ule niliujua. Ndege zilianza kutua Don Mueang mwaka 1914, wakati kwetu safari ndefu bado ilikuwa ya miguu na mizigo kichwani. Katikati ya njia zake za kurukia kulikuwa na kiwanja cha gofu, jambo ambalo nilipolisimulia darasani hakuna aliyelisadiki. Mwaka 1994 nilikuwa nimepita hapo nikienda mafunzoni, na kibandiko cha sanduku nilikitunza. Kilikuwa na herufi tatu: BKK.

Siku ya kuondoka, yule wa hesabu alitazama tiketi zake mbili. "Mwalimu," akaniambia, "tuliposhuka tiketi iliandikwa DMK. Hii ya kwenda imeandikwa BKK. Si viwanja viwili hivi?"

Nikatoa kibandiko changu. Nikamwambia, kwa sauti ile niliyozoea kuitumia ubaoni, kwamba BKK ni Don Mueang, na kwamba herufi za viwanja hazibadiliki ovyo. Akanyamaza. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo: hesabu yake ilikuwa sahihi, akainyamazia kwa heshima yangu.

Don Mueang binti wa kaunta alitazama tiketi, akatutazama kwa huruma, akasema neno moja: Suvarnabhumi.

Sasa nieleze nilichopaswa kukijua. Serikali ya Thailand ilinunua ardhi ya uwanja mpya mwaka 1973, kwenye kinamasi kilichoitwa Kinamasi cha Swila, mashariki ya mji. Ulipokuja kufunguliwa ilikuwa Septemba 28, 2006. Mfalme Bhumibol ndiye aliyeupa jina, lenye maana ya Nchi ya Dhahabu. Usiku wa kuhama, herufi BKK nazo zilihama. Uwanja wa zamani ukapewa DMK. Lakini haukufa. Mwaka 2007 ulirudishiwa safari za ndani ya nchi, mwaka 2011 mafuriko yakaufunika, na mwaka 2012 ndege za bei nafuu zikahamia huko. Kwa hiyo kibandiko changu hakikusema uongo. Kilisema kweli ya mwaka 1994.

Kutoka uwanja mmoja hadi mwingine ni zaidi ya kilometa 40, nasi tulikuwa kwenye foleni ya magari ya Bangkok, mchana, ndani ya teksi isiyo na mtu wa kusema neno. Tulipofika, kaunta ilikuwa imefungwa. Ndege yetu ilikuwa ya saa 10 jioni. Sherehe ilikuwa saa 4 asubuhi ya kesho yake.

Baada ya kuzunguka kaunta baada ya kaunta kilipatikana kiti kimoja, cha saa 7 usiku. Nililipa mimi. Mwenzangu alikataa mara mbili, nikamwambia, "Ndugu yangu, usiniongezee deni." Akaondoka na mkoba wa mkononi tu. Yule wa tatu alilala kwenye benchi akikoroma hadi alfajiri; mimi sikupata usingizi.

Tulimkuta Hong Kong jioni. Aliwahi ukumbini, suti ikiwa na mikunjo, ndevu hazijanyolewa. Picha alizopigwa na binti yake zinaonyesha hayo yote.

Kesho yake alitaka nimwonyeshe Kai Tak, uwanja ambao ndege ziliufikia zikikata kona juu ya mapaa ya Kowloon, uliofungwa Julai 1998 na vifaa vyake kuhamishwa kwa usiku mmoja hadi Chek Lap Kok. Jina lilitokana na matajiri wawili, Kai Ho Kai na Au Tak, waliotaka kujenga nyumba pale wakashindwa. Nilimsimulia hayo tukitembea kuelekea bahari, ambako ncha ya njia ya kurukia imekuwa kituo cha meli za watalii tangu 2013.

Akaniacha nimalize. Kisha akatazama meli, akatazama mimi.

"Mwalimu," akasema, "una hakika ni hapa?"