Runinga ukutani: utoboe mwenyewe au umwite fundi?

Swali hili limenifikia mara nyingi mno tangu runinga bapa zianze kuuzwa kila mtaa. Je, ninunue drili nijifungie mwenyewe, au nimwite fundi? Wanaoniuliza hudhani kwamba mtu anayeandika programu za tarakilishi hawezi kushindwa na skrubu nne. Leo nitalijibu kwa njia ya mzunguko kidogo, yaani kwa historia, kwa sababu nilipokuwa nikiamua kuhusu runinga yangu ya inchi 55 (kilo 15 hivi), historia ilinifaa kuliko video zote nilizotazama. Chini ya ukuta wenyewe hucheza mtoto wa miaka miwili, kwa hivyo sikutaka kubahatisha.

Kwa miaka mingi swali hili halikuwepo. Matangazo ya televisheni yalianza hapa Kenya mwaka wa 1962, na kwa zaidi ya miaka 40 iliyofuata runinga ilikuwa samani kama kabati. Picha ilichorwa na miale ya elektroni iliyorushwa kutoka nyuma ya mrija mkubwa wa kioo hadi mbele, na miale hiyo ilihitaji nafasi ya kusafiri. Ndiyo sababu runinga zilikuwa na kisogo kirefu na uzito wa kuvunja mgongo. Wengi wetu tunazikumbuka zile Great Wall ndogo za picha nyeusi na nyeupe, zilizotumia betri ya gari. Jina lilikuwa la ukuta lakini zenyewe zilikaa mezani, zimefunikwa kitambaa cha kufuma! Kwenye baa ziliwekwa juu ndani ya vizimba vya chuma, na kila kizimba kilichomelewa na fundi wa jua kali kwa kipimo cha runinga ile moja. Ikiharibika ukanunua ya kampuni nyingine, unarudi kwa fundi.

Sasa tazama mwaka wa 1997. Mwaka huo Philips ilianza kuuza Marekani runinga bapa ya plasma ya inchi 42 kwa karibu dola 15,000. Bei ya gari, naam. Lakini mwaka huohuo kulitokea jambo jingine ambalo halikupigiwa kelele, na mimi naliona kubwa zaidi. Chama kiitwacho VESA kilichapisha kiwango cha matundu ya nyuma ya skrini bapa.

Waliowahi kuhangaika na kadi za video wanalijua jina hilo. VESA iliundwa mwaka wa 1989, NEC ikiwa mstari wa mbele, kwa sababu kila mtengenezaji wa kadi alikuwa na njia yake ya kuonyesha picha ya nukta 800 kwa 600 na sisi waandishi wa programu tulikuwa tunaumia. Walipomaliza vita hiyo wakageukia vyuma. Kiwango cha 1997 kilisema: matundu manne, yapangwe mraba wa milimita 75 au 100, skrubu za M4. Kikapanuliwa mwaka wa 2006 kufikia skrini kubwa, ambapo matundu huachana kwa hatua za milimita 200 na skrubu huwa M6 au M8. Basi. Kizimba cha jua kali kikafa siku hiyo, ingawa habari ilichukua muda kufika kwetu. Ilipofika mwishoni mwa 2007, runinga za LCD zilikuwa zimeanza kuuzwa duniani kuliko zile za mrija, na braketi ya kampuni yoyote ikawa inashika runinga ya kampuni yoyote nyingine.

Kwa hivyo upande wa runinga kazi imekwisha. Pima umbali wa matundu, soma uzito kwenye kijitabu, nunua braketi inayolingana. Hapo sihitaji fundi, na wewe pia huhitaji.

Ila braketi ina pande mbili, na ule wa pili unatazama ukuta.

Zamani, kufunga kitu kwenye ukuta wa mawe ilikuwa kazi ya kuchosha. Fundi alichonga tundu kwa patasi, akapigilia kipande cha mbao ndani, kisha skrubu ikaingia kwenye mbao. Tundu lilikuwa kubwa na ukuta ulibaki na makovu. Kule London mkandarasi mmoja, John Joseph Rawlings, alipewa kazi ya kufunga vifaa vya umeme katika British Museum bila kuharibu kuta zake. Mwaka wa 1911 alikuja na kijiti chenye uwazi katikati, kilichotengenezwa kwa nyuzi za juti zilizogandishwa kwa damu ya mnyama. Unatoboa tundu dogo, unakisukuma ndani, na skrubu ikiingia inakitanua hadi kinabana kuta za tundu. Mafundi wetu hukiita rolplagi hadi leo, na sidhani wengi wao wanajua kwamba wanamtaja Rawlings kila wanapokwenda hadweya. Kile cha nailoni tunachonunua sasa kinatokana na kazi ya Mjerumani Artur Fischer, mwaka wa 1958.

Drili nazo zilikuwa zikishuka njiani kumfuata mtu wa kawaida. Black & Decker ilipata hataza ya drili ya umeme yenye mshikio wa bastola mwaka wa 1917, na baada ya Vita Vikuu vya Pili ikaanza kuuza drili za nyumbani. Kwa hiyo rolplagi na drili zikamfanya mwenye nyumba ajione fundi.

Lakini hakuna chama kilichokaa kikao kuweka kiwango cha ukuta. Hapo ndipo penye hatari, wasomaji wangu. Nyumba nyingi za Nairobi ni za mawe yaliyokatwa kwa mashine, kama yale ya Ndarugu, na ugumu wake hutegemea machimbo yalikotoka. Kila baada ya inchi 9 hivi kuna mshono wa saruji na mchanga, na plasta imeuficha. Ukienda Mji wa Kale wa Mombasa au Lamu utakuta kuta nene za matumbawe na chokaa. (Wazee wa Lamu wa karne ya 18 walijenga zidaka ndani ya ukuta ili kuonyesha vyombo vyao vya kauri, wakaepuka skrubu kabisa.) Ofisi nyingi mpya zimegawanywa kwa mbao za jasi zenye uwazi ndani. Rolplagi ileile itafanya kazi tofauti katika kila moja.

Fanya hesabu nami. Rolplagi hustahimili sana uzito wa kushuka chini, lakini ni dhaifu ikivutwa kutoka nje. Runinga ya kilo 15 ikikaa sentimita 5 kutoka ukutani, kwa bamba lenye urefu wa sentimita 20, skrubu za juu huvutwa kwa nguvu ya karibu kilo 4 tu. Weka braketi ya mkono, ivute runinga sentimita 40 mbele, na mvuto unakuwa kilo 30. Kama plasta ni ya sentimita mbili na nusu na rolplagi ni ya tano, nusu ya mshiko wako ni mchanga!

Mimi niliamua hivi. Nilinunua braketi bapa isiyo na mkono, nikaifunga mwenyewe nyuma ya runinga. Ukuta nikamwachia mzee mmoja ambaye amejenga majumba mtaani kwetu kwa miaka mingi. Aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akasogea, akagonga tena. Akatoboa tundu la majaribio na kutazama vumbi lililotoka.

"Kijana wangu, hapa umekaa juu ya mshono. Twende juu kidogo."

"Sawa mzee, wewe ndiye unaujua."

Tukapanda sentimita 6. Tundu la pili lilitoa vumbi la kijivu la jiwe, na drili ikaanza kulalamika. Alitumia rolplagi ndefu zaidi ya zile zilizokuja na braketi, akajining'iniza kwenye bamba kwa mikono yote miwili kabla ya kuniruhusu kuleta runinga. Soketi ya nyuma yake, pamoja na waya wa king'amuzi, nilimwita fundi wa umeme mwenye leseni, kwa sababu waya zinapita ndani ya plasta ileile na volti 240 hazina majaribio.