Kalibu ya Silikoni

Kalibu ya silikoni ni chombo laini chenye uwazi ndani yake, kifanywacho kwa kumimina mpira wa silikoni juu ya kitu cha asili, ili uwazi huo, utiwapo ulimbo, jasi au nta, utoe nakala yenye sura ile ile, pamoja na mikwaruzo na alama za vidole ambazo mwenyewe alitamani zisionekane. Jina la silikoni lilianzishwa na Frederic Kipping, mwanakemia Mwingereza wa Nottingham, mwanzoni mwa karne ya 20. Naye hakutaraji kwamba vitu hivyo vingekuwa na manufaa makubwa.

Mpira huu huuzwa sehemu mbili za kuchanganywa, nao ni wa namna mbili. Ule uivao kwa bati ni rahisi na hauna matata, lakini hunywea kidogo, na baada ya miaka michache kalibu yake huchakaa hata ikapasuka. Ule wa platini hudumu na kuhifadhi vipimo, ila una hasimu wake, nao ni kiberiti, kwani ukigusana na udongo wa kufinyangia wenye kiberiti, au na glavu za mpira wa mti, hubaki unanata usigande kamwe. Wengi wamemlaumu muuzaji ilhali kosa limo mikononi mwao.

Tuseme farasi mmoja wa sataranji amepotea. Mwenziwe husafishwa, akagandishwa kwa kitako chake katika sakafu ya kisanduku, kuta zikiwa mbali naye kadiri ya sentimita 1. Na kiasi cha mpira hujulikana kwa kujaza mchele hata umfunike, kisha kuumimina katika kikombe cha kupimia. Hapa ndipo kazi yote ilipo. Sehemu mbili hupimwa kama alivyoagiza mtengenezaji, pengine sawa kwa sawa, pengine 10 kwa 1, wala si kwa kukadiria kwa jicho. Hukorogwa taratibu, kuta za chombo zikikwanguliwa, kisha humiminwa kutoka juu, kwa uzi mwembamba, katika pembe moja tu, ili viputo vipasuke njiani na mpira umpandie farasi polepole kutoka chini.

Mpira ukiisha kuiva, kwa saa kadhaa au usiku kucha, kalibu hugeuzwa, ubavu mmoja ukachanjwa kwa wembe kwa mstari wa kupindapinda ili pande zikutane barabara, na farasi wa asili akatolewa. Anayetaka kalibu ya vipande viwili lazima apake vaselini baina yavyo, kwa kuwa silikoni, isiyoshikamana na karibu kitu chochote, hushikamana na silikoni nyenziwe. Masikio ya farasi hupakwa ulimbo kwa brashi kabla ya kujaza, la sivyo hewa hujificha humo naye huzaliwa kiziwi.

Kazi ya ulimbo hufanywa penye upepo, kwa glavu zisizo za mpira wa mti, na kalibu iliyokwisha kutiwa ulimbo isitumiwe tena kwa barafu wala chakula chochote.