Simba Wanyika: Muziki Uliozaliwa Njiani

Je, Simba Wanyika ilikuwa bendi ya Tanzania au ya Kenya? Yatupasa kuchunguza swali hili kabla ya kulijibu. Ndugu wawili, Wilson na George Peter Kinyonga, walipiga magitaa Tanga katika Jamhuri Jazz Band, wakahamia Arusha, na mwaka 1971 wakavuka mpaka kwenda Nairobi. Kila kituo kiliwaongezea kitu. Rumba ya Kongo, ambayo nayo ilikuwa na deni kwa Kuba, iliwapa mwendo. Tanga iliwapa Kiswahili chao. Nairobi iliwapa studio na soko la santuri. Magitaa yalijibizana kwa upole, saksafoni ikaitikia.

Walakini safari hutoa, na hutwaa pia. Mwaka 1978 baadhi ya wenzao walijitenga wakaunda Les Wanyika. George alifariki mwaka 1992, Wilson mwaka 1995, na bendi ikakoma.

Basi mwanahistoria anayegawanya nyimbo kwa mipaka ya nchi hana budi kuukata wimbo mmoja vipande viwili. Mpaka uliwapa ndugu hawa ugeni. Lugha iliwapa wenyeji. Historia ya muziki wetu na ifuate lugha.