U ya Ukraini

Wengi wakisoma jina Ukraini hudhani U yake ni ile ya Uganda, Ufaransa na Uingereza. Sivyo. Hiyo si kiambishi cha nchi, bali ni sehemu ya jina lenyewe. Katika lugha za Kislavi, *kraj* ni ukingo, na pia ni nchi. Ndiyo maana wanaisimu wengi hulifasiri jina hilo kuwa “mpakani”, na wengine “nchini”. Limo katika tarehe ya kale ya Kyiv, chini ya mwaka 1187.

Mwaka 1654, huko Pereyaslav, Wakosaki, wapiganaji wa mpaka huo, walikula kiapo cha utii kwa mfalme wa Urusi. Mwaka 1764 Malkia Catherine wa Pili akafuta cheo cha hetmani, kiongozi wao, na mwaka 1775 jeshi lake likabomoa ngome yao ya Zaporizhia. Watawala wa Urusi waliiita nchi hiyo “Urusi Ndogo”. Amri ya mwaka 1876 ikapiga marufuku hata michezo ya jukwaani kwa Kiukraini.

Basi wahariri, kwa kuwa U ni sehemu ya jina, andikeni Waukraini na Kiukraini. “Wakraini” ni kosa.