Gesi ya sheli: Kwa nini kampuni pinzani Pennsylvania zinapeana maji machafu?

Kampuni za gesi hufichana mambo mengi, kuanzia bei ya ardhi hadi ratiba ya kuchimba. Lakini katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, wapinzani hao hupeana kitu kimoja: maji machafu.

Sheli ni nini?

Hapa hatuzungumzii kituo cha mafuta. Sheli ni mwamba wenye tabaka nyembamba ulionasa gesi ndani yake. Ule wa Pennsylvania unaitwa Marcellus. Ili gesi itoke, maji yenye mchanga na kemikali husukumwa chini kwa nguvu mpaka mwamba upasuke.

Maji kiasi gani?

Kwa kawaida kisima kimoja hula zaidi ya lita milioni 15. Ukiyabeba kwa boza la lita 20,000, ni safari 750. Kisima kimoja tu!

Sehemu ya maji hayo hurudi juu, na kisima huendelea kutoa maji kwa miaka mingi pamoja na gesi. Yanaweza kuwa na chumvi mara kadhaa kuliko bahari, pamoja na radiamu, madini yenye mionzi.

Yapelekwe wapi?

Zamani mengi yalipitia mitambo ya kusafisha maji taka, kisha yakamwagwa mtoni. Mitambo ile haikuweza kuondoa chumvi. Kumbuka, mito hiyohiyo inanywewa na watu wa mijini. Bromaidi iliyomo ikikutana na dawa ya kuulia vijidudu, hutokea kemikali hatari. Mwaka 2011 serikali ya jimbo ikazitaka kampuni ziache.

Njia nyingine ni kuyasukuma kwenye visima virefu vya kutupia. Pennsylvania inavyo vichache, hivyo maboza yakaelekea jimbo jirani la Ohio. Tarehe 31 Desemba 2011, tetemeko lenye ukubwa wa takriban 4 likatikisa Youngstown, Ohio. Watafiti walilihusisha na kisima cha kutupia maji hayo.

Kupeana kunafanyikaje?

Chukulia kampuni A ina maji machafu lakini haina kisima kipya cha kupasua. Jirani yake B anapasua mwezi ujao. Badala ya A kulipia safari ya Ohio na B kuchota mtoni, maji ya A yanachujwa, yanachanganywa na maji safi, kisha B anayatumia. Wote wawili wanaokoa pesa, na mto unapumua. Hilo ni muhimu hasa kiangazi, maana Tume ya Bonde la Mto Susquehanna huweza kusimamisha uchotaji mto ukipungua.

Ishu iko wapi?

Kwanza, B lazima aseme atapasua wapi na lini, na hiyo ni siri ya biashara.

Pili, boza likipinduka njiani, nani analipa? Mkataba usiposema mapema, watamalizana mahakamani.

Tatu, na ndiyo kubwa: mpango huu unategemea visima vipya. Bei ya gesi ikishuka, uchimbaji unapungua, ila visima vya zamani haviachi kutoa maji. Hapo kila mtu ana maji ya kutoa, wa kupokea hayupo.

Kwa hiyo kupeana kunasaidia mito, lakini hakumalizi uchafu. Mwenyeji wa eneo la gesi bado ana swali la kuuliza: siku uchimbaji ukisimama, maji haya yataenda wapi?